Kuhusu Ile Redio Uliyoniuliza Jumapili

Kemilembe mwanangu,

Marahaba. Najua hujanisalimu bado, maana uko Nyakakika kwa bibi yako tangu jana, lakini naitikia mapema kwa sababu ukirudi jioni hii nyumba itakuwa imejaa watu waliokuja kukuaga, na mimi nitakuwa nahangaika na kuazima viti. Sasa ni saa tisa alasiri. Mvua imenyesha, ikakatika, imeanza tena. Nimekaa kwenye meza ya chakula na daftari lako la zamani la Kemia, lile lenye kurasa nyingi nyeupe nyuma.

Sitakuandikia habari za kula vizuri wala za kuchagua marafiki. Shangazi zako wamekwisha kukuambia hayo, kila mmoja kwa zamu yake, na najua huko Nyakakika bibi yako anayarudia muda huu huu. Una miaka ishirini na minne, una cheti cha maabara, una barua ya kazi. Tunduru ni mbali mno, lakini wagonjwa wa huko wana damu kama ya wagonjwa wa hapa Kimuli, na wewe damu unaijua kuliko mimi.

Nataka kujibu swali lako. Jumapili tukiwa njiani kutoka Nkwenda uliniuliza, "Tata, hii redio unabadilisha au hubadilishi?" Nikakujibu, "Nitaona." Ukacheka, kwa sababu umenisikia nikisema nitaona tangu ulipokuwa mdogo na unajua maana yake. Halafu nikakuambia lile neno, na wewe ukanijibu lile neno lako, na tangu hapo tumekuwa tukipishana humu ndani kama wapangaji. Sikukasirika. Nimechanganyikiwa tu. Nilipokuwa bwana mifugo nilizoea kufika kwenye zizi, kuangalia, na kusema ng'ombe ana nini kabla mwenyewe hajamaliza kueleza. Hili limenishinda kulitambua, na nadhani nikilipanga kwenye karatasi huenda nikaliona.

Nianze na gari. Tulilinunua ukiwa darasa la tatu, kwa mfanyabiashara wa Muleba aliyekuwa akihama. Tayari lilikuwa zee. Mimi nilitazama injini na matairi, nikaona vya kulalamikia vingi, nikawa tayari kuondoka. Mama yako akafungua mlango wa mbele, akakaa, akabonyeza redio. Ikaimba vizuri kabisa. Akaniambia, "Baba Kemi, mashine nyingine utatengeneza, hii imeshapona." Basi tukalichukua.

Unakumbuka alivyokuwa akibishana na watangazaji. Mtu akisema bei ya kahawa imepanda, mama yako alimjibu palepale, akimuuliza imepanda wapi, kwenye chama chetu cha ushirika au huko kwao. Matangazo ya vifo aliyasikiliza kwa makini, akihesabu ukoo: huyu ni wa kwa fulani, yule aliolewa Bugomora. Mimi sikuwa msikilizaji sana. Nilipenda tu kuwa na sauti ya mtu nikizunguka vijijini na sanduku langu la dawa, kwa sababu siku nzima nilikuwa na wagonjwa wasiosema.

Halafu akaugua. Hayo unayajua, ulikuwa umemaliza kidato cha nne na ulikuwa nyumbani, ndiwe uliyekuwa ukikaa naye kiti cha nyuma kila tulipokwenda hospitali Nyakahanga. Madaktari walituambia ukweli kwa upole: ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali, na mwenyewe alikuwa ameuficha muda mrefu chini ya kanga. Safari ya mwisho tulimrudisha nyumbani kwa sababu yeye ndiye aliyeomba kurudi. Alilala kiti cha nyuma, kichwa kikiwa mapajani mwako. Mimi niliendesha polepole, nikikwepa kila shimo ninalolijua. Redio ilikuwa ikitangaza mpira.

Sasa nitakuambia ninachokikumbuka, kama nilivyokuambia Jumapili, ila kirefu kidogo. Tulikuwa tumeiacha Omurushaka nyuma, tumeingia kwenye vumbi. Nikamsikia akiniita. "Baba Kemi." Aliita kwa sauti ndogo, ile ya mtu anayetaka kuanza jambo. Na mimi nikanyoosha mkono, nikaongeza sauti ya redio.

Ndivyo nilivyofanya. Nilijua anataka kusema nini, au nilidhani najua: anataka kuniagiza. Mtu akirudishwa nyumbani namna ile huagiza. Azikwe upande gani wa shamba, wewe usomeshwe mpaka wapi, mimi nioe au nisioe. Nilikuwa sitaki kuagizwa, kwa sababu ukishaagizwa umekubali. Nikajifanya mpira umefika pazuri. Hata timu zilizokuwa zikicheza sizikumbuki. Alinyamaza. Siku tisa baadaye alifariki, na katika siku hizo tisa hakuagiza lolote. Alizungumza habari za kuku, za dirisha lisilofunga, za wewe kupunguza chumvi. Kila nilipokaa kando ya kitanda nilisubiri aseme tena "Baba Kemi" kwa ile sauti. Hakusema, na mimi sikumuuliza.

Miaka sita nimekaa na jambo hilo. Sikumwambia mchungaji, sikumwambia Filibati ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Redio ilianza kuharibika kama miezi miwili baada ya mazishi. Ilianza kwa kukatika kwenye matuta. Nikafurahi, mwanangu, nisikufiche. Nikasema vizuri, nayo ife. Ukaniambia niipeleke kwa fundi, nikakuambia spea zake hazipatikani tena, na hilo nililitunga papo hapo. Nilikuwa sijauliza mtu yeyote. Nikawa naendesha kimya, Kimuli mpaka Omurushaka, kama mtu anayetumikia kifungo, na kila nilipopita pale mahali nilikaza macho mbele.

Lakini haikufa vizuri. Ilikuwa na tabia ya kufufuka. Unaweza kuwa umezima kila kitu, umeshuka, umefunga mlango, yenyewe ikajiwasha. Na kile kitufe cha sauti kilikuwa kimelegea, kwa hiyo ikijiwasha haikuongea, ilipiga kelele. Nadhani unajua ninakoelekea. Mwaka huu, kwenye mazishi ya yule mzee wa Nkwenda, watu wameinamisha vichwa, mchungaji yuko katikati ya sala, na gari letu limeegeshwa pale kwenye migomba, hatua ishirini kutoka kaburini. Ghafla bongo fleva. Wimbo wa mapenzi, tena wa mambo ya wazi wazi. Nilikimbia na suti yangu, nikasahau kwamba mlango wa dereva hufunguka kwa ndani tu, nikazunguka, nikaingia kupitia nyuma, huku mwimbaji akiendelea kumsifia mwanamke kiuno. Niliporudi, mjane wa marehemu alikuwa amejifunika uso kwa kitenge na mabega yakitikisika, na nikaomba ardhi inimeze. Baadaye akanishika mkono akasema marehemu angeupenda sana wimbo ule. Wewe ulikwenda kujificha nyuma ya jiko. Ulicheka mpaka ukatoa machozi, nilikuona.

Siku ile ndipo niliposema jambo hili liamuliwe. Ama nibadilishe redio, ama ing'olewe kabisa.

Nikaomba ushauri, na ushauri ukanizidishia. Filibati alisema gari lenyewe limebakiza miaka miwili, likibahatika, na kwamba ng'ombe mzee hanunuliwi kengele. Nikaona ana akili. Nikaenda kwa Deusi, fundi wa redio pale Omurushaka, nikitaka aing'oe tu. Yeye akaniambia tatizo pengine ni waya, na kama ni redio yenyewe anayo nyingine, ina kioo, inapokea flashi, inaunganishwa na simu. Akaiwasha pale mezani. Sauti safi. Nikaona na yeye ana akili. Nikamwambia nitaona, nikarudi nyumbani.

Wiki iliyofuata nikaenda tena. Nikamwambia afunge mpya. Akaanza kufungua dashibodi, nikamwambia asubiri kwanza. Mara ya tatu sikushuka hata kwenye gari. Alikuja mwenyewe dirishani, akafuta mikono kwenye kitambaa, akaniuliza kwa heshima kabisa:

"Mzee, hii redio ingekuwa ng'ombe wako ungeshaichinja au ungeshaitibu. Shida ni nini hasa?"

Nilimwambia ni mambo ya familia. Alikuwa kijana mstaarabu, akakubali.

Wakati huohuo barua yako ya kazi ikaja. Hapo nikapata sababu nyingine mbili, na zilikuwa zinagombana. Ya kwanza ilikuwa kwamba nikupeleke stendi siku ya safari kwa heshima, gari linaimba, usiondoke nyumbani kama unatoka msibani. Ya pili sikuipenda: nilikuwa naogopa ile saa moja na nusu ya kutoka hapa mpaka stendi, sisi wawili, kimya. Nilikuwa nataka redio kwa sababu ileile niliyoitumia siku ile. Nilipoligundua hilo nilishtuka. Nikasema basi, sibadilishi. Kesho yake nikasema hapana, mtoto hana kosa, nibadilishe.

Ndipo Jumapili ukauliza. Mimi mwenyewe sijui kwa nini nilikujibu. Labda ni kwa sababu tulikuwa tumelipita lile eneo muda huohuo. Nikakuambia, "Mama yako alitaka kuniambia jambo, mimi nikaongeza sauti. Ndiyo maana siwezi kuigusa." Nikasubiri ulie, au uniulize kwa nini.

Tukavuka daraja. Halafu ukasema, "Tata, mama ndiye aliyekuambia uongeze."

Nikakuambia sivyo. Ukasema, "Alisema, Baba Kemi, ongeza hiyo redio. Mimi nilikuwa nimemshika kichwa. Ukaongeza, akauma kitenge changu. Hakutaka usikie."

Sikuweza kuendelea. Nilisimamisha gari pembeni, ukadhani nimeumwa. Nilikuwa natafuta ndani ya kichwa changu hayo maneno mengine. "Baba Kemi" ninayo. Sauti yake ninayo, na kelele za mpira, na vumbi kwenye kioo. "Ongeza hiyo redio" sina. Nimelitafuta neno hilo tangu Jumapili, nikiwa shambani, nikiwa kanisani kwenye kikao, na silipati. Lakini kila nikilitafuta naanza kulisikia, na sasa sijui kama ninalikumbuka au umelipanda wewe kichwani mwangu.

Hapa ndipo nilipochanganyikiwa, Kemi. Acha niseme yote.

Nilifikiri kwanza kwamba umenidanganya. Wewe una huruma, na ulikuwa umeona uso wangu, na ungeweza kutunga jambo kama lile kuniponya, hasa ukiwa unaondoka baada ya siku chache na hutaki kuniacha na mzigo. Halafu nikasema hapana, mtu hatungi kitenge kuumwa. Kile kitenge cha kijani kilikuwa na matundu, nilikiona siku ya kufua, nikadhani ni panya.

Halafu nikakukasirikia. Kwa nini hukuniambia miaka yote hiyo? Hasira hiyo haikuchukua hata nusu siku, kwa sababu jibu lake lilikuwa wazi: hukujua kama kuna kitu cha kuniambia. Ulidhani na mimi nilikuwepo, nimesikia. Na kweli nilikuwepo. Nilijihukumu miaka sita, na shahidi alikuwa anakula nami meza moja, ananipitishia chumvi, na sikuwahi kumwita. Hilo ndilo kosa langu ninaloweza kulisema bila kusita, hata nisipojua mengine. Sikukuuliza. Nilijiona ndiye pekee niliyekuwa ndani ya gari lile.

Na halafu likaja la kuniumiza zaidi, na hili sijui nilifanyie nini. Kama unayosema ni kweli, basi sikumnyamazisha mama yako. Ningepaswa kufarijika. Lakini ina maana kwamba alikuwa analia kwa maumivu hatua mbili nyuma ya kisogo changu, akauma nguo ili nisisikie, na mimi niliendesha nikisikiliza mpira. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minane, ukabeba peke yako kichwa chake na siri yake. Nilikuwa na kosa langu, nimelizoea, nalijua uzito wake. Wewe umenipa jingine, na sijajua hata kama ni kosa. Kuna asubuhi naona afadhali lile la kwanza. Jioni naona afadhali hili, kwa sababu ndani yake mama yako alikuwa ananipenda, na mimi nilikuwa namtii.

Wewe utakuwa unaangalia damu za watu kwenye darubini, na jibu litakuwa lipo au halipo. Nakuonea wivu kidogo. Utakuja kukutana na mambo yasiyotoka hivyo. Nikiwa kazini niliwahi kumdunga ndama wa mjane mmoja wa hapa jirani, akafa usiku uleule, na mpaka leo sijui kama ni sindano yangu au alikuwa anakufa. Nilimkwepa yule mama mwaka mzima. Nilipita njia ya mbali ili nisione zizi lake. Siku tuliyokutana sokoni alinipa ndizi, akaniuliza mbona nimepotea, akaniambia ndama wa ng'ombe yule hufa kila mwaka. Ungefikiri nilijifunza. Sikujifunza. Nilirudia kwa mama yako jambo lilelile, tena kwa muda mrefu zaidi. Ninakuambia ili siku ukilifanya, maana una damu yangu, usishangae sana, na urudi kwa mtu mapema kuliko mimi.

Sasa redio. Leo asubuhi, baada ya kukamua, nimekwenda Omurushaka. Nilimwambia Deusi afungue. Akaing'oa ile ya zamani bila kuuliza, akanionyesha: waya mmoja ulikuwa umechubuka, unagusa chuma kila gari likitikisika. Akasema angeweza kuifunga tena na gundi, ikaongea vizuri tu. Miaka yote ile nikisema spea hakuna. Nikacheka, na yeye akacheka bila kujua kwa nini. Halafu akashika ile mpya mkononi, akaniuliza kama aiweke au airudishe ya zamani.

Nikamwambia aweke mpya. Nilisema bila kufikiri, na niliposikia nimesema nikaona ni sawa. Mama yako alilipenda gari lile kwa ajili ya redio. Kama aliniomba niongeze, hawezi kukasirika nikiwa nayo. Na kama hakuniomba, kama ni mimi niliyemkatiza, basi kuendesha kimya miaka sita hakukumrudishia neno lake, na miaka mingine miwili haitamrudishia. Kwa vyovyote jibu likawa lilelile. Sijui kwa nini sikuliona mapema.

Alipoanza kuunganisha nyaya nikamwambia asiifunge leo. Akanitazama. Nikamwambia, "Nina binti anasafiri kesho. Nitamleta kwenye basi, nikishamsindikiza nitapita hapa, ndipo uifunge." Akasema sawa mzee, akaiweka kwenye boksi, akaandika jina langu juu yake kwa kalamu ya rangi.

Kwa hiyo kesho ukiingia kwenye gari utaona pale katikati kuna tundu na nyaya zimefungwa kwa selotepu nyeusi. Usishtuke. Nimetaka tuende hivyo. Kurudi Kimuli bila wewe nitaihitaji redio, na nitaiwasha, na mtangazaji akitaja bei ya kahawa nitajaribu kubishana naye, ingawa sina kipaji cha mama yako.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako uisome leo kabla wageni hawajawa wengi. Nilikusudia kukupa stendi, kama wazazi wengi wanavyofanya, halafu nikaona huko ni kukimbia tena: ungeisomea Biharamulo, na mimi nisingekuwepo kujibu.

Tutaondoka saa kumi na moja alfajiri. Barabara ni mbovu kwa mvua hii, tutakwenda taratibu. Kama kuna jambo jingine mama yako alikuambia, au jambo lako wewe, ambalo kwa miaka sita ulidhani nimelisikia, lianze mahali popote. Ukitaka nisimamishe gari, nitasimamisha, basi halituachi. Kama hakuna, tutatazama migomba ya watu.

Baba yako anayekupenda,
Tata